Kilo Saba

Nimetandaza kitandani: blauzi tatu,
suruali ya kuvaa na nyingine ya akiba,
sweta ya rangi ya majivu isiyogombana na nguo yoyote,
soksi nimezishindilia ndani ya kofia.
Siku nne Vienna. Kilo saba kila mtu,
begi moja, la mgongoni.

Bibi Zeliha amesimama mlangoni na bilauri ya chai,
ananitazama kama anayemtazama daktari mwanafunzi
akishona kidonda chake cha kwanza.
"Na jozi ya pili ya viatu?"
Jozi ni moja, Bibi. Unaenda nayo, unarudi nayo.
"Ikilowa?"
Itakauka.
"Isipokauka?"

Nampa siri zangu, mimi niliyekwishalala katika miji kumi na mmoja:
viringisha, usikunje;
blauzi ifue usiku kwenye beseni, ikamue ndani ya taulo,
asubuhi inavalika, na ubaridi kidogo makwapani;
koti la mifuko mingi ni begi lisilopimwa.
Na usibebe "huenda". Huenda ndiyo yenye uzito.
Huenda baridi ikazidi, huenda tukaalikwa kwa watu —
toa, Bibi. Toa.

Anacheka kwa pua.
"Sisi huenda tuliipakia kwenye Moskvich.
Kiangazi kile tulipewa mpaka Jumatano asubuhi."
Anahesabu kwa vidole vinavyong'aa mafuta ya zeituni:
magodoro manne, cherehani, jiko,
na mlango wa chumba cha mbele,
maana babu yako aliuchonga mwenyewe
akaapa hamwachii mtu asiyejua kuufunga.
Mlango juu ya paa la gari, kwa kamba ya kuanikia nguo,
kutoka Razgrad hadi mpakani, foleni siku mbili,
"na kila shimo komeo linagonga, ngo, ngo,
kama mgeni."

Anakunywa chai.
"Lakini viatu vyangu vyekundu,
vya mshahara wa kwanza wa kiwanda cha maziwa,
nilivivua kizingitini kama siku zote,
nikaingia kumchukua mama yako,
nikatokea mlango wa nyuma.
Mpakani ndipo nilipotazama chini.
Kandambili."

Sina la kusema. Nachukua mizani ya ndoano,
naliinua begi lake: kilo tano na nusu.
Nafasi ipo, namwambia. Weka viatu.
Anafikiri.
Anaweka chupa pana ya jamu ya waridi.

Istanbul, uwanja wa ndege, kijana mwenye glavu
anaitoa jamu, anaiweka kwenye kilima
cha mafuta ya nywele na maji ya watu.
"Uile kwa siagi, mwanangu," Bibi anamwambia.
"Usiitupe."

Vienna ilinyesha. Mvua nyembamba, ya adabu,
isiyomfukuza mtu barabarani.
Viatu vililowa. Tukavijaza gazeti tusiloweza kulisoma,
tukaviegemeza kwenye bomba la joto.
Asubuhi vilikuwa vimekauka, isipokuwa ulimi.
"Ulimi hukauka mwisho," akasema, "hata kwa watu."
Hakuna aliyetualika popote.

Jumamosi alisimama mbele ya dirisha la duka
muda wa tramu mbili kupita.
Vyekundu, kisigino kifupi, namba yake.
Nunua, nikasema, nitakulipia.
"Tuviweke wapi? Kilo saba,"
akasema kwa sauti yangu kabisa,
akavuka barabara bila kunisubiri.

Usiku wa mwisho niliamka kwenda msalani, nikajikwaa.
Viatu vyake havikuwa kule mlangoni
tulikovivua sote tulipoingia.
Vilikuwa kando ya kitanda chake,
kamba zimelegezwa tayari,
pua zikitazama mlango.
Na vyangu, chini ya kitanda changu,
mtu alikuwa amevipanga hivyo hivyo.

Bibi alikuwa akikoroma, au akijifanya.
Nikapita kando, peku, nisivisogeze.