Nilikwenda Kuungama

Nilimwambia Rosalba naenda kuungama.
Na kweli, nilipita mbele ya kanisa,
nikavua kofia, nikaendelea.

Vichochoro vya Palermo huteremka vyenyewe
hadi penye moshi: Totuccio na karai lake,
mkate wa wengu, limau, chumvi
ile ile aliyonikataza daktari.
Nikala nimesimama, mafuta yakinichuruzika hadi kiwikoni.

Kisha bajia za dengu, mbili.
Tatu.
Kisha kivuli, benchi la mawe, usingizi wa paka.

Jioni nilipanda ngazi tisini,
nikitua kila ghorofa kama mwenye toba.
Rosalba akafungua mlango, akanitazama,
akachomoa mbegu ya limau sharubuni mwangu:
"Haya, baba. Padri kakupa malipizi gani?"