Amina ya Baba

Kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu, Mabatini,
kuna ngazi tisini na nne. Nyingine si ngazi,
ni jiwe tu lililokubali kukanyagwa.
Baba alizichonga mwenyewe kwa nyundo na tindo,
hakumwita jirani hata kumshikia tochi.

Alikuwa mpasua mawe. Aliwasha moto
juu ya mgongo wa jabali, akangoja,
kisha pigo moja, na jabali likasema ndiyo.
Kokoto zake zimelala chini ya nyumba za watu
Nyegezi, Buhongwa, hata njia ya kupanda Bugando,
njia ile ile tuliyompitisha usiku ule wa Aprili
mdomo umekwenda upande
kama picha ya mtu aliyegeuka kabla haijapigwa.

Sasa kijiko kinamshinda.
Mkono wa kulia umelala mapajani
kama mgeni aliyesahau kuaga.
Daktari alisema, "Kiharusi,"
na mama akaninong'oneza kwa Kisukuma
nimuulize kama dawa yake hulipiwa kidogo kidogo.

Jumapili tunamshusha kanisani.
Kiti cha plastiki, kamba mbili za manila,
Kulwa na Doto mbele, mama na mimi nyuma,
na Shija, aliyewafuata mapacha, ana miaka minne,
kabeba viatu vya baba, kimoja kila mkono,
anatembea kama mtu aliyekabidhiwa sanduku la agano.
Ngazi ya hamsini na moja ina ufa.
Tukiikaribia, baba ananguruma kutuonya.
Hajasahau hata moja.

Zamani sala ya jioni ilikuwa yake.
Sauti iligonga bati, majirani wakapunguza redio.
Alimwomba Mungu nguvu kama fundi anavyoagiza saruji:
mifuko kadhaa, na ifike mapema.
Mama alifumba macho tu. Miaka kumi na tisa
hatukuwahi kumsikia akisali.

Jioni ya kwanza baada ya hospitali
ugali ulikuwa mezani, dagaa wa kuhesabika,
maana mwezi ulikuwa mpevu na karabai za wavuvi zimelala.
Tulimtazama baba. Baba akamtazama mama.
Mama akashika pindo la kitenge,
akaanza, "Ee Mungu uliye..." akakwama.
Akaanza tena. Mbwa wa jirani akabweka, akanyamaza.
Ndipo akasema, kwa sauti ya kumwambia mdai ukweli:

"Leo sina.
Mgongo sina, hela sina, maneno ndiyo haya.
Ukitaka tuamke kesho, utatubeba wewe."

Nilingoja aendelee. Hakuendelea.

Na asubuhi tuliamka. Sisemi zaidi ya hapo.
Mapacha wakachota maji, mama akateremka Mwaloni na beseni,
mimi nikamnyoosha baba vidole, kimoja kimoja,
nikihesabu kwa sauti ili nisilie.

Mkono haujarudi. Nauandika hivyo, nisije nikadanganya.
Mchungaji alipaka mafuta, tukafunga siku tatu,
mkono ukabaki pale pale, mapajani.
Lakini ngazi tisini na nne tunazipanda,
watu watano ambao hakuna hata mmoja angeweza,
na nikifika juu sijui ni nani aliyekuwa ameshika upande wangu.

Kila jioni mama husema "leo sina" yake
(siku akiwa nacho kidogo, hukitaja),
na baba ndiye wa kufunga.
"A..." anaanza, mdomo unateleza.
Ugali unapoa. Siku moja Shija aliimalizia, kwa njaa;
mama akamgusa goti: Subiri. Hiyo si yako.
Basi tunasubiri.
"...mi..."
Jasho linamtoka kwenye paji, kama enzi za nyundo.
Sijapata kumwona akipasua jiwe gumu kuliko hili.
"...na."

Na Shija, kabla ya wote, anamega tonge.