Mrija Mtupu

Kifurushi kilifika Wete kwa boti ya Alhamisi,
kimezungushiwa gundi kama kidonda.
Ndani: pete tatu nyeusi. Kumi na mbili, ishirini,
thelathini na sita, milimita zimechongwa ubavuni.
Nikazipachika, nikachungulia,
nikamwona Mbarouk wa duka la simu
upande wa pili wa tundu, anacheka.
"Umeuziwa hewa," kasema. "Hamna hata kioo!"

Ni kweli. Hamna kioo.
Mrija hauna kitu ila giza lake na nafasi.
Unakaa baina ya kamera na lenzi
kama mshenga asiyesema neno,
kazi yake kuwatenga hawa wawili
ili wakione cha karibu.

Mimi nimezoea nyuso za pasipoti:
kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke,
pazia la buluu, picha nne elfu tano.
Sasa nimefunga pete zote, sitini na nane,
na mnara wa msikiti umenitoka,
barabara imenitoka, Mbarouk na kicheko chake
wamekuwa ukungu wa rangi ya chai.
Kilicho zaidi ya shibiri, jicho hili halikijui tena.

Nikaenda uani, karafuu zimeanikwa.
Nikalala kifudifudi ukingoni mwa jamvi,
mtu mzima mimi, watoto wananitazama.
Kuzungusha lenzi ni bure;
unasogea wewe mwenyewe, kwa kiwiliwili,
unywele mbele, unywele nyuma,
umezuia pumzi kama mwizi.
Na mwanga unapungua: kila milimita inadai ushuru wake.
Nikaazima tochi, nikaifunika
karatasi ya kufungia maandazi, ina mafuta bado.

Akaja majimoto mmoja,
wale wale wanaowashusha wachumaji mtini kwa matusi.
Akaukwea ujiti wa karafuu hadi juu,
na hapo nikaona: karafuu ina meno manne,
na katikati yake kitumba kimefumba ngumi.
Majimoto akasimama kwenye jino, akajipangusa vipapasio,
kimoja, kingine, kama anayetia udhu.
Nikilipata jicho lake, miguu inazama.
Nikiupata mguu, jicho limekwenda.
Kinachoonekana sawasawa ni chembamba, ganda la kitunguu.
Picha arubaini na moja. Moja ndiyo.

Mama alikuwa anachambua makonyo, ananisikia nikiapa.
"Na mimi," kasema, "waweza kunitia humo?"
Akanyoosha dole gumba.

Juzi, pale ofisi ya vitambulisho,
mashine ilimkataa mara sita.
Kijana kampangusa kwa kitambaa: bonyeza, bibi, bonyeza tena,
mwisho akainua mikono. "Bibi Mkasi, huna alama."
Miaka hamsini ya kukonyoa karafuu.
Alirudi nyumbani hakutaka chai.

Nikauweka mkono wake juu ya mto.
Tochi nikailaza, mwanga upite chini kwa chini
kama jua la asubuhi kwenye matuta ya muhogo.
"Usipumue, mama."
"Wewe ndiye usipumue," akanijibu,
na kweli, mkono uliokuwa ukitetemeka ni wangu.

Kwanza ukungu. Nikasogea.
Mstari mmoja, hafifu, umekatika, ukaendelea.
Wa pili ukiuzunguka. Wa tatu.
Mabonde yamejaa hudhurungi ya karafuu,
na kovu la kisu limepita katikati
kama barabara ya kwenda Chake, haijali shamba la nani.

Akatazama kioo kidogo cha kamera, muda mrefu.
Akakisogeza, akakirudisha.
"Kumbe zipo."
Kisha: "Nichapie. Kubwa. Kesho naipeleka."

Nikamwambia mashine haisomi picha, mama.

"Siipelekei mashine," kasema, na jamvi akalirudia.
"Nampelekea yule kijana."