Wageni Wako Wapi?

Askari wa lango la Ngongongare
alichungulia viti vya nyuma, akanigeukia:
"Kaaya, leo wageni wako wapi?"
Nikamwonyesha Elinami na hotipoti mapajani,
na Nanyori, amelala mdomo wazi juu ya blanketi.
"Ndio hawa."
Akacheka, nami nikacheka.
Kisha nikatoa pochi,
na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja
risiti ikaandikwa jina langu.

Hifadhi hii naijua
kama mpishi anavyoijua nyumba ya tajiri wake:
jikoni, uani, mlango wa nyuma.
Najua pa kusimamisha gari
jua lisiingie kwenye kamera za watu.
Najua saa kumi twiga wako upande upi.
Sikujua nyasi zake zinavyochoma matako.

Momella tukalikuta ziwa limejaa heroe,
nami kwa mazoea nikakohoa, nikaanza:
"Upande wa kulia, mabibi na mabwana..."
uzito wao, maji ya magadi, safari zao za Natroni.
Nanyori akaniwekea kidole mdomoni.
"Baba. Wanakula."

Basi tukawatazama wanakula.
Heroe huinamisha kichwa hadi kikapinduka,
akachuja tope kama mama anavyochekecha unga.
Hilo nimelisema miaka yote.
Kuliona, bado.

Hema tuliazima kwa Ndetaulwa, mpishi wa kampuni.
Nguzo moja haipo,
tukasimika mpini wa fagio la gari.
Elinami akasema lina kiuno kibovu kama changu.
Tukala makande, viganja vimekumbatia bakuli,
na baridi ya Meru ikashuka bila hodi.
"Hiki ndicho wanachokilipia?" akauliza.
"Baridi? Kule Usa si tunayo bure?"
Kwa wageni nina jibu la kila swali.
Nikamwongezea chai.

Usiku wa manane perere akalia juu ya mti:
kwanza mlango mkavu unaofunguliwa polepole,
halafu ukelele wa mtu anayekabwa.
Nanyori akaning'ang'ania shati.
"Ni kanyama tu, kimo cha sungura," nikanong'ona,
"kanamwita mwenzake."
Elinami, kwa sauti ya usingizi:
"Bibi alituambia anadai mkia wake."

Hilo kwenye kozi hawakutufundisha.
Nikamwomba anisimulie.
Akasimulia nusu, akakoroma,
nami nikabaki macho na nusu yangu,
nikijaribu kukisia nani aliuchukua.

Kulipokucha, nyati walikuwa wamepita.
Kinyesi chao kilifuka moshi kando ya hema.
Nanyori akapima: hatua sita.
Akarudi, akapima tena kwa hatua ndefu,
apate tano za kupeleka shuleni.

Njiani tukapishana na gari la Urio.
Akapunguza mwendo, akawaambia watu wake jambo,
nao wakageuka wote, wakainua kamera.
Sikujua nipunge mkono kama dereva
au nitafune taratibu kama twiga.

Langoni askari yule yule:
"Haya, mmeona nini?"
Nikavuta pumzi, orodha iko tayari ulimini.

"Kinyesi," akasema Nanyori.
"Kilikuwa bado kinatoa moshi."