Nukta

Programu sijui kuandika. Najua kuuza gesi, Tandika,
mtungi mdogo, mkubwa, na wa mkopo.
Umeme uliporudi nikaiambia simu:
nitengenezee daftari. Jina, mtungi, deni, tarehe.
Chai haijapoa, limekwisha.
Kuza vitufe, nikasema, mama haoni vizuri. Vikakua.
Wadaiwa wakumbushwe kila Ijumaa.
Ikauliza: wote?

Nikavuta daftari lenyewe, lile la tangu enzi za mafuta ya taa.
Kando ya Chausiku, nukta nyekundu.
Kando ya Mzee Kidunda, nukta.
Miaka yote mkono unaziweka,
mdomo haujaulizwa.

Nukta maana yake nini?

Chausiku alizika mwezi wa tatu.
Kidunda huleta nusu, ameikunja kiganjani
mjukuu asione.
Mambo haya sijamwambia hata mume wangu.
Nikaandika: wenye nukta usiwaguse.
Ikajibu: Sawa, imekamilika.
Sawa, eti.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, simu za mtaa zikaanza kulia,
moja dukani kwa Mfaume, moja saluni,
moja mfukoni mwa bodaboda aliyekuwa anapita.
Kwa Chausiku nilisikia ufagio tu.