Hesabu ya Pua

Alfajiri, jogoo wa jirani hajakohoa,
natandika gunia la chama cha ushirika sakafuni,
lile lililotoboka, lisilobeba tena mbolea.
Nakaa, mgongo wima kama mpini.
Navuta pumzi: moja, mbili, tatu, nne.
Naishika.
Naiachia kwa sita, taratibu,
kama mtu ateremshaye ndoo kisimani
na hataki maji yashtuke.

Nilifundishwa mwaka ule presha ilipofika mia na tisini.
Dirisha la dawa likasema zimekwisha.
Muuguzi Nyamizi akafunga mlango, akavua viatu,
akasema, "Mama Shija, tuanze na hili la bure.
Pumzi haina foleni."
Jina lake yoga, akaniambia, limetoka mbali.
Nikamjibu: hata tumbaku ilitoka mbali,
ikafika Urambo, ikatukalia shingoni.
Akacheka. "Hii haikukopeshi mbolea."

Mikao nimeipa majina yangu.
Ule wa mguu mmoja nauita mninga,
kwa kuwa mninga haujawahi kuonekana ukiharakisha.
Ule wa magoti, mgongo kupanda na kushuka,
huo ni ng'ombe ajikunaye.
Ule wa kuinama, paji la uso chini,
sijaupatia jina, maana ulizua mambo:
Bi Chausiku aliniona kupitia uzio
akapiga vigelegele, "Alhamdulillahi, Mama Shija kasilimu!"
Jioni mzee wa kanisa akaja na Biblia na maswali.
Nikawakaribisha wote karanga.

Kasanda, mume wangu, alicheka hadi akakohoa,
akakohoa hadi akaacha kucheka.
Kifua chake kina miaka ishirini ya bani.
Moshi uliokausha majani
haukumbagua mwenye majani.
Nikimhesabia, yeye huishia mbili.

Kisha ikaja siku ya soko.
Marobota saba, usiku mzima tumeyafunga.
Mteuzi akachomoa jani moja, akalinusa, akalipinda,
akaandika bila kututazama.
Matatu yakarudishwa.
Karani akasoma deni: mbolea, dawa, riba,
nyuzi za kufungia, na magunia.
Magunia!
Hata hili ninalokalia kutafuta utulivu
lina bei, na riba yake.

Damu ikanipanda shingoni kama siafu.
Nikauona mkono wangu mwenyewe
ukitafuta kigoda cha kurusha.
Moja.
Vumbi la soko.
Mbili.
Mtu nyuma yangu, "Mama, sogea basi!"
Tatu. Nikamkumbuka Shija, ada yake, barua ya shule
iliyokunjwa ndani ya khanga.
Nne ilichelewa, lakini ilifika.
Nikaiachia.

Usidhani bei ilipanda.
Bei haina pua.
Ila sauti yangu ilinirudia ikiwa nzima,
nikasema, "Karani, soma tena. Mstari kwa mstari."
Watu wakaguna. Akasoma.
Mbolea ilikuwa imeandikwa mara mbili.
Akakuna kichwa kwa kalamu,
akaahidi kuuliza makao makuu, Tabora mjini.
Mpaka leo anauliza.
Nami kila Jumatatu napita dirishani kwake,
nasimama mguu mmoja, mninga mtupu,
namwambia sina haraka.
Kuna siku hasira hunishinda, sikufichi;
wiki jana nilivunja sufuria la watu.

Jana usiku, umeme umekatika,
Kasanda alikuja bila kuitwa
akakaa kwenye gunia langu.
Nikamwekea kiganja mgongoni.
Moja, mbili. Kikohozi.
Tukaanza upya.
Moja, mbili. Kikohozi, kirefu, chenye kutu.
Tukaanza upya.
Moja.
Mbili.
Tatu.
Nikanyamaza kimya gizani,
nisije nikaitisha nne.