Jiko la Verlyn

Ardis Dettmann aliniuzia kwa dola kumi na tano,
kisha akanirudishia tano: "Kifuniko kimeoza, Kou,
sitaki dhambi."
Tukaliburura hadi uani kwangu, gurudumu moja likilia,
la pili halipo,
tofali limeshika zamu yake.

Sheboygan, mwisho wa Aprili. Theluji bado imejibanza
nyuma ya gereji kama mdaiwa.
Nilikuwa nimetoka kiwandani, zamu ya usiku,
mikono inanuka jibini,
na usingizi ulipobisha hodi nikaujibu: ngoja.

Bolti nne zilikubali. Ya tano ikagoma.
Nikaipaka mafuta, nikaibembeleza, nikaigonga,
nikaitukana kwa Kihmong,
nikarudia kwa Kiingereza
isije ikasingizia kwamba haikuelewa.
Ikakatika.

Kutu haina haraka, huo ndio ujanja wake.
Haivunji mlango, haipigi kelele.
Hukaa juu ya chuma kama mgeni
aliyesema atalala usiku mmoja tu,
na siku unapokwenda kumwambia aondoke
unakuta ukuta wako umo tumboni mwake.

Nikasugua. Brashi ya waya, msasa mkali,
siki, kitambaa, tena msasa.
Vumbi jekundu puani, vumbi kwenye ukosi, vumbi ndani ya chai.
Mama akachungulia dirishani, akauliza
kama ninachimba kaburi au ninalifukua.

Ndani ya bomba la kichomeo, buibui.
Alikuwa ametandaza hariri yake palepale gesi inapopita.
Nikamtoa kwa waya wa kutundikia makoti,
yeye na nyumba yake,
nikamweka juu ya uzio. Hakushukuru.

Karibu na bawaba palikuwa na tundu
la kupitisha kidole gumba.
Nikakata kiraka kutoka bamba la namba la gari langu la zamani,
nikakipigilia ribiti, nikapaka rangi nyeusi ya kuhimili moto
mara tatu.
Ukipapasa, tarakimu bado zinasomeka,
kama kovu chini ya shati.

Nilipopindua rafu ya pembeni nikakuta maandishi,
wino mzito, mkono uliopinda kushoto:
1998, Machi 29, theluji. Sita.
2004, Aprili 4, upepo. Kumi na nne.
2011, Aprili 17, mvua. Nne.
2019, Machi 31. Mbili.
Chini kabisa, tarehe moja
bila hesabu.

Rafu hiyo sikuigusa kwa msasa.

Jumapili nikaupaka mpira wa gesi povu la sabuni,
nikalikodolea macho. Halikuvimba, halikupumua.
Kichomeo cha kushoto kikawaka samawati.
Cha katikati kikasita, kikashika.
Cha kulia, nikawasha kiberiti juu ya kiberiti
mpaka vidole vikaungua. Wapi.

Mama akaleta soseji zake za mchaichai na tangawizi.
Ardis akaja na za kwao, alizozichemsha kwenye bia,
mikate migumu ndani ya mfuko wa karatasi,
na kiti chake mwenyewe.
Kifuniko hakifungi sawasawa,
moshi ukatokea ubavuni
ukamfuata yeye tu, kila alikohamia.

"Verlyn angeanza upande wa kulia," akasema.
"Upande wa kulia hauwaki."
"Haukuwahi kuwaka. Lakini angeanza nao."

Tulipomaliza alitoa kalamu mkobani,
kalamu nene, nyeusi, kifuniko chake kimetafunwa.
Akaitazama rafu, akayatazama magoti yake,
akanipa mimi.
Nikalala chali juu ya nyasi zenye maji
kama fundi chini ya gari.
Nikaandika mwaka. Nikaandika: jua, kidogo.
"Ngapi?" nikauliza.

Ardis akahesabu kwa ncha ya uma.
Mama naye akahesabu, kwa lugha yake,
wakapata idadi mbili tofauti,
na hakuna aliyekubali kushindwa.